Vidole Viwili Vilivyobaki Nunguni

Nilimpiga mke wangu kofi, kwa mkono wa kulia, jikoni kwetu Tawa, kwa sababu ya chai iliyopoa. Nasema hivyo waziwazi kwa kuwa kuna wanaume wanaopenda kuzunguka: mara shetani, mara pombe, mara maneno ya watu. Mimi sikuwa nimelewa. Nilikuwa na hasira zangu za kila siku, na yeye alikuwa karibu. Hasira hasara, tuliimbishwa shuleni. Mimi niliimba tu. Sikio lake la kushoto lilitoa damu. Kulipokucha alikuwa kwao Nunguni.

Mimi ni fundi wa magari, na kuomba msamaha najua kwa spana tu. Marehemu baba mkwe aliacha pikapu kuukuu iliyokufa injini, kuku wakitaga ndani yake. Nikatafuta injini ya gari lililopinduka kule Migwani, nikapanda nayo mpaka Nunguni. Nia yangu ilikuwa moja: pikapu iamke, mama mkwe alainike, mke wangu arudi nyumbani.

Kwetu Ukambani mama mkwe humtazami usoni. Hampeani mikono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja wenu huingia vichakani. Tunaiita nthoni, heshima yenye aibu ndani yake. Kwa miaka sita yule mama hakuwahi kusema na mimi moja kwa moja. Alimtuma mtu, na mtu akikosekana alimtuma mnyama. Siku hiyo nilimsikia akimwambia mbuzi wake, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie huyo mtu asimwage oili kwa sukuma wiki zangu." Mke wangu hakutoka nje kabisa.

Aliyenisaidia ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwanamume mpana wa kifua asiye na maneno mengi. Tulisimamisha magogo matatu ya mkaratusi, tukafunga winchi ya cheni juu, tukaing'oa injini ya zamani kwa mtaimbo na matusi. Boliti zilizokuwa zimeliwa na kutu nilizivunja kwa tindo na nyundo.

Ile nyingine ikakataa kuingia. Injini hukalia mauntingi, vile vipande vya chuma na mpira vinavyobeba uzito wake na kumeza mtetemo, na mauntingi za gari la Migwani hazikulingana na matundu ya pikapu. Nikakata vyuma, nikachomelea vishikio vipya. Mara ya kwanza tundu lilipishana kwa upana wa kidole. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nikarusha nyundo, ikampita shemeji karibu na sikio na kupasua ndoo ya mama yake.

"Shusha, ng'ombe wewe!" nikamfokea shemeji aliyeshika cheni. "Pole pole! Ama huo mkono wako ni wa kulima tu?"

Nikainama, nikaingiza vidole kwenye tundu kupapasa kama limekaa sawa. Fundi yeyote atakuambia usifanye hivyo, na fundi yeyote hufanya.

"Sister yangu haskii na sikio moja siku hizi," shemeji akasema. "Ulikuwa unajua?"

Haki ya Mungu sikujua. Lakini badala ya kunyamaza nikasema, "Hiyo ni story ya baadaye. Shusha injini."

Akashusha. Cheni ililia mara nne, mara tano, kwa haraka, na injini ikakalia vidole vyangu viwili na kuvisaga juu ya chuma. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Nilipiga yowe, na kwa mkono wa kushoto nikaokota spana nikamchapa nayo mdomoni. Jino likaruka. Akatema damu, akaachia cheni, akarudi nyuma hatua tatu na kukunja mikono kifuani.

Mama mkwe alitoka jikoni mbio, mwiko bado mkononi. Akamwona mwanawe anavuja damu. Akaniona mimi nimenaswa vidole chini ya injini. Akautupa mwiko, akashika cheni, halafu hakuivuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akanitazama usoni.

"Ni huu mkono?" akauliza. Hakumwuliza mbuzi. Aliniuliza mimi.

Ningeweza kudanganya. Niliogopa kwamba nikisema ukweli angeniacha pale, na nilijua kwamba ningekuwa nimestahili.

"Ĩĩ, mwaitu. Ndiyo, mama," nikasema. "Ni huu."

Alingoja. Sijui ni muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu. Kisha akavuta cheni kwa uzito wake wote mpaka injini ikainuka. Akararua leso yake, akanifunga vidole kwa kukaza hadi nikapiga yowe la pili.

"Gari utamaliza," akasema. "Msichana anabaki."

Nilirudi baada ya wiki tatu nikamaliza, nikiwa na vidole vitatu mkono wa kulia. Shemeji alishika cheni, na pengo lake mdomoni.

Mwezi uliopita pikapu hiyo ilisimama mbele ya gereji yangu Tawa, imejaa kabeji. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Nilimsalimu kupitia dirisha la abiria, hakusikia. Nikazunguka upande wake.

"Inatetemeka," akasema bila kushuka. "Angalia mauntingi."

Moyo wangu uliruka. Mafundi wamejaa Tawa, na amekuja kwangu! Nilifungua boneti, nikaona nati ya upande wa kulia imelegea, nikaikaza vizuri kuliko nati yoyote niliyowahi kukaza. Nikarudi dirishani, nikainua mkono kumwonyesha akanyage mafuta kidogo nisikie.

Akainama upesi, akakinga uso kwa viwiko vyote viwili.

Ulikuwa mkono wa vidole vitatu. Niliushusha taratibu, nikauficha nyuma ya mgongo, nikamwomba kwa mdomo akanyage mafuta. Akakanyaga. Injini ilinguruma bila mtetemo wowote. Mikono yake juu ya usukani ilikuwa bado inatetemeka.