Virginia: Timu iliyomtelekeza mume wangu ikamchukua na mwanangu

Ni Ijumaa asubuhi mjini Dubai. Kliniki moja ya mtaa wa Oud Metha bado haijafungua milango. Madaktari watafika baada ya swala. Ndani yumo mwanamke mmoja tu, na televisheni aliyoiwasha mwenyewe.

Virginia Mhina anapiga deki ukumbi wa wagonjwa. Anasukuma dekio hadi chini ya viti, analikamua kwenye ndoo, halafu anasimama kutazama. Wanarudia mechi ya Ulaya. Beki mmoja amezubaa na mpira miguuni, amenyang'anywa.

"Huyo amelala," anasema kwa sauti, kana kwamba kocha amekaa viti vya mbele. "Kwetu Korogwe angeshavuliwa jezi kabla ya mapumziko."

Anacheka peke yake, kisha anainama tena.

Virginia ana umri wa miaka arobaini na minne. Alikuja Dubai mwaka 2005 na tangu hapo ameajiriwa na kampuni ya usafi inayompeleka kwenye kliniki na maofisi. Mshahara wake ni dirham mia saba kwa mwezi, na zaidi ya nusu huenda nyumbani. Analala chumba kimoja na wanawake wengine watano huko Discovery Gardens.

Lakini Watanzania wa hapa hawamfahamu kwa deki. Wanamfahamu kwa mdomo. Wanamwita Kamati ya Ufundi, kwa sababu hakuna mchezaji wa Korogwe ambaye hajapitishwa kwenye ulimi wake.

Baraza lake ni kafeteria ndogo ya Mzee Soud, Mzanzibari aliyehamia huku akiwa kijana na ambaye sasa wajukuu zake wanazungumza Kiarabu zaidi kuliko Kiswahili. Kila Ijumaa jioni Virginia huagiza chai ya maziwa, akakaa meza ya mlangoni, na wanaume wakamzunguka.

Hoja huwa ni zile zile. Korogwe wanayoizungumzia ina timu mbili. Ipo Mkonge Rangers, timu ya kulipwa ya daraja la kwanza, iliyo mikononi mwa mfanyabiashara mmoja wa malori. Na ipo timu ya wanafunzi wa chuo cha ualimu, ambayo watu wa mji wameipachika jina la Chaki. Siku ya Jumatatu ya Pasaka zinapokutana, anasema Virginia, hata wanandoa hulala mzungu wa nne.

Je, ipi bora? Hapo ndipo chai hupoa.

"Mkonge wana miguu, hawana akili," anasema. "Mshambuliaji wao akifika golini anaogopa kama anaingia kwa mkwe. Chaki wana akili, hawana haraka. Wanacheza kama wanafanya mtihani: wanaandika kichwa cha habari, wanakipigia mstari, muda unaisha."

Na yule tajiri mwenye malori?

"Timu ya mtu mmoja huumwa akiumwa yeye. Nilisema zamani, wakaniambia mwanamke anajua nini."

Anajua mengi. Baba yake alikuwa mpiga chokaa wa uwanja kwenye shamba la mkonge, na Virginia alikuwa akimshikia kamba mistari isipinde. Pale pale uwanjani alimwona winga mmoja wa kulia, mwembamba, mwenye mbio za kumwacha mtu akiwa ameushika upepo. Jina lake Zakayo Mhina. Wakaoana.

Mwaka 1993, akiichezea Mkonge Rangers mechi ya nyumbani, Zakayo aligongwa goti akaanguka. Elisante, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka mitano.

"Viongozi wa Mkonge walimbeba mpaka hospitali ya wilaya," Virginia anakumbuka. "Wakamwekea machungwa kwenye kabati la kitanda, wakapiga naye picha, wakasema watarudi kesho. Hiyo kesho ndiyo naingoja mpaka leo."

Goti halikukunjika tena. Zakayo akajifunza ufundi wa redio, akafungua meza barazani kwake. Virginia akauza vitumbua miaka na miaka, hadi ndugu mmoja alipomwunganisha na wakala wa kazi za Dubai.

"Nilikuja ili Elisante asome," anasema. "Sikufuata kingine."

Lakini je, baada ya yote hayo, aliendeleaje kuishangilia Mkonge?

"Mama yako akikupiga unahama kabila? Ile timu nilizaliwa nayo."

Elisante aliingia chuo cha ualimu mwaka 2007. Akarithi mbio za baba yake na jicho la mama yake. Kufika mwaka wa pili alikuwa mfungaji wa kutegemewa wa Chaki. Huku Dubai, Virginia akawa na mashaka kwa mara ya kwanza maishani: meza ya Mzee Soud ikiuliza yuko upande gani, alikunywa chai.

Maoni yake kuhusu mwanawe, hata hivyo, hayakuwa na mashaka. Alimwambia kwenye simu mara kwa mara: acheze Chaki, amalize chuo, apate cheti. Mkonge wakimtaka, waje baada ya hapo, wavue kofia.

Mwezi wa nne mwaka huu wa 2009, Rama aliingia kafeteria akiwa amenyoosha mikono juu. Rama ni dereva wa familia moja ya Mirdif, mzaliwa wa Korogwe, na Mkonge imemkaa damuni.

"Mama Eli, leo chai yote juu yangu! Kijana amesaini Mkonge!"

"Kijana gani?" Virginia akauliza.

Rama akacheka, akidhani anataniwa. "Kijana gani tena? Elisante! Kaka yangu kaniambia jina limebandikwa ubaoni pale stendi. Mji mzima unaimba."

Mzee Soud alikuwa nyuma ya kaunta. "Alikiweka kikombe chini polepole," anasimulia. "Katoka nje, kasimama juani. Nikamwita, 'Njoo kivulini, mwanangu.' Wala hakunisikia."

Virginia alikuwa akimpigia mumewe. Mazungumzo hayo anayakumbuka neno kwa neno.

"Baba Eli, ni kweli mtoto amesaini?"

"Kweli."

"Nani kampa ruhusa?"

"Mimi."

"Wewe? Na hilo goti lako?"

"Ndiyo maana," Zakayo akajibu. "Mimi nilikatizwa njiani, Mama Eli. Nilitaka nione mmoja wetu akifika."

Virginia anasema: "Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huruma, vyote pamoja. Halafu kadi ya simu ikaisha."

Hatari ilikuwa wazi. Mechi za mwisho za kupanda daraja zilipangwa kuchezwa Arusha mwezi wa tano, wiki moja na mitihani ya mwisho ya ualimu. Mkuu wa chuo alimwita Elisante akamwonya. Elisante akamweleza kuwa klabu imeahidi gari la kumrudisha kufanya mitihani na kumpeleka tena Arusha. Ahadi hiyo ilitoka mdomoni kwa tajiri mwenyewe.

Virginia aliapa kwamba hatazifuatilia mechi hizo. Siku ya mechi ya kwanza, Rama alipita na gari la waajiri wake nje ya kliniki, akafungua kioo. Kaka yake huko Korogwe alikuwa ameweka simu mbele ya redio.

"Mama Eli, wameanza," akasema.

Virginia aliingia garini na nguo zake za kazi. Sauti ilikuwa inakatika, inarudi, inakatika. Kipindi cha pili mtangazaji akapaza sauti akitaja jina la Mhina, na kelele za watu zikaifunika redio.

"Nilipiga yowe mpaka mlinzi wa jengo akaja kuuliza nani amekufa," anasema. "Nilicheka, nikalia. Kwa dakika zile nilisahau mitihani. Mungu anisamehe, nilimsahau hata Zakayo."

Furaha yake ilikomea hapo. Gari la kumrudisha Elisante halikuonekana. Alipouliza, aliambiwa asubiri mechi ya pili iishe. Mkonge wakafungwa mechi ya pili, na ya tatu wakafungwa tena. Kupanda daraja kukayeyuka, na simu ya tajiri ikazimwa.

Mwenye nyumba ya wageni walikofikia wachezaji hakuwa amelipwa. Akafunga vyumba, akazuia mabegi yao. Vijana wakalala barazani, Arusha ile ya mwezi wa tano yenye mvua na baridi, wakiwa wamevaa jezi juu ya jezi. Mmoja alishikwa na homa ya mapafu. Elisante ndiye aliyembeba kumpeleka zahanati.

Mitihani ikaanza Korogwe, ikaisha. Elisante alirudi juu ya lori la saruji. Alipofika chuoni jina lake lilikuwa limekwisha futwa. Wiki chache baadaye tajiri alitangaza kujitoa, na Mkonge Rangers ikavunjika.

"Niliposikia imevunjika nilikaa kwenye ngazi za kliniki," Virginia anasema. "Timu ya mtu mmoja ikishindwa, yeye anakwenda kulala kwake. Wachezaji ndio hawana pa kulala."

Mwezi wa saba Elisante alimpigia mama yake, jambo ambalo si kawaida. Huwa anambipu tu.

"Mama, nitafutie visa," alisema. "Hata matofali nitabeba."

Mwaka jana huenda ombi hilo lingekuwa jepesi. Mwaka huu winchi nyingi za ujenzi zimesimama bila kugeuka, na makampuni yanarudisha watu makwao. Watatu kati ya wenzake Virginia kazini wamekwisha ondoka. Hata hivyo Rama, aliyekuwa akijuta kuileta ile habari kwa shangwe, alihangaika hadi akampata arbab mmoja, mwajiri wa ujenzi, aliyekuwa tayari kutoa visa.

Wawili hao walibishana mbele ya Mzee Soud, na safari hii halikuwa suala la mpira.

"Kijana atakaa kijiweni mpaka lini, Mama Eli?" Rama alisema. "Ataanza kunywa gongo."

"Na hapa atakunywa nini? Jua?"

"Sisi mbona tupo?"

"Wewe Rama, mdogo wangu, ungekuwa na cheti cha ualimu ungekuwepo hapa?"

Mzee Soud akaingilia kati: "Khalas, wanangu. Huyu ni mama yake. Mwacheni aamue."

Virginia aliikataa visa. Alimweleza Elisante kwa maneno machache, naye akakata simu. Tangu siku hiyo akawa hapokei simu za mama yake.

Kwa wiki kadhaa Virginia hakuonekana kafeteria. Alikuwa akitumia muda wa mapumziko kumpigia mkuu wa chuo. Mara ya kwanza mkuu alimjibu kwamba nafasi haipo. Mara ya pili alimwambia asimsumbue. "Baadaye nadhani alichoka kusikia sauti yangu," anasema. Alikubali Elisante arudie mwaka wa pili kuanzia Januari, kwa masharti mawili: ada ilipwe yote kabla, na kijana asicheze mpira kabisa hadi amalize.

Ada hiyo ilikuwa na maana moja tu: asirudi nyumbani mwaka huu. Mkataba wa Virginia ulikuwa unaisha Desemba, na alikuwa ameshaanza kununua zawadi za kurudi nazo. Hajamwona mumewe tangu likizo ya mwaka 2007. Msimamizi wa kampuni alimwekea karatasi mezani: ama aongeze miaka miwili, ama nafasi yake ipewe mwingine.

"Aliniambia, 'Yalla, Virginia, watu wanapanga foleni.' Nikasaini."

Zakayo alilia aliposikia. Alimwambia mkewe kwamba lile goti limewagharimu wote watatu. Virginia akamwambia aache maneno hayo, ampe mtoto simu.

"Elisante, chuo kimekubali urudi," alimwambia.

"Nitaruhusiwa kucheza?"

"Hapana."

Kisha Elisante akasema, "Nipe muda nifikiri, mama."

Mpaka makala haya yanaandikwa, mwishoni mwa Novemba, jibu halijaja. Ada imekwisha tumwa.

Ukumbini, deki imekauka na wagonjwa wa kwanza wameanza kuingia. Virginia anazima televisheni, anasogeza ndoo kando. Anasema mpango wake haujabadilika, umesogea mbele tu: atamaliza miaka hii miwili, atarudi Korogwe, na kama Mungu akipenda atapewa shikamoo na watoto waliofundishwa na mwanawe. Mpira ataendelea kuusema. Huo hauna ada.

Kisha anaeleza jambo ambalo Zakayo alimwambia juzi. Kila jioni Chaki wakifanya mazoezi, Elisante huenda akasimama mbali, nyuma ya goli. Hasemi na mtu. Giza likiingia anarudi nyumbani.

"Pale nyuma ya goli ndipo yalipo madarasa," Virginia anasema. "Sijui huwa amegeukia wapi. Kama anatazama uwanja, basi nimempoteza. Kama anatazama madarasa, bado ninaye. Nimemwomba baba yake kesho ajikongoje na hilo goti lake, akamwangalie."