Ng'ombe wa Papa Rukara

Kila asubuhi, kabla ya kuanza somo, Prof Floribert hubisha hodi kwenye mlango wa darasa lake mwenyewe. Kisha husimama nje kwenye ukungu, chaki mfukoni, akingoja wanafunzi wamruhusu kuingia. Hawamruhusu upesi. Mara huulizwa kama amenawa uso, mara kama amefanya kazi ya nyumbani. Siku moja walimwambia arudi na mzazi. Alikwenda, akarudi na mama aliyekuwa akipita njiani na karai la viazi kichwani, na mama yule akawaomba wanafunzi wamsamehe, kwamba mtoto huyu ni mtundu lakini ana akili.

Ndivyo anavyofundisha hesabu katika shule ya Kingi, kijiji cha wafugaji, tangu alipokuwa kijana mwembamba hadi sasa mvi zimemjaa. Kuna miaka shule ilifungwa kwa sababu ya vita, watu wakakimbilia Sake, naye akafundisha chini ya turubai. Hata huko alibisha hodi, kwa mdomo, kwa kuwa turubai haligongeki.

Josiane aliyajua hayo yote kutoka benchi la nyuma. Alikuwa ametoka Walikale, kwenye misitu, akasoma chuo Goma, kisha akaletwa kwa Floribert amwongoze katika mafunzo ya ualimu. Alisoma sana na kusema kidogo. Alimpenda mzee yule, lakini vicheko vya darasa lake vilimtia hofu. Aliona kwamba yeye wakimcheka hivyo hatanyanyua tena kichwa. Na zamu yake ilikuwa imefika. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amehama, na prefe, mkuu wa shule, alikuwa amesema kwamba somo la majaribio la Josiane likienda vizuri darasa ni lake. Likiharibika, arudi kwao. Mwenye neno la mwisho alikuwa Floribert.

Basi kwa somo hilo, katika darasa la Floribert, Josiane akachagua asilimia, na ili kuwapendeza watoto wa wafugaji akawaletea ng'ombe. Aliandika ubaoni kwamba Papa Rukara ana ng'ombe arobaini, naye anauza asilimia kumi na tano katika soko la Sake. Wamebaki wangapi?

Wanafunzi waliokuwa wakimtazama wakatazama sakafu. Akarudia swali, polepole zaidi, akidhani hawakuelewa. Kule nyuma Floribert alikuwa ameziba mdomo kwa mkono na mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Mwishowe Mukagasana, msichana wa benchi la mbele, akasimama kwa adabu zote.

"Inabakia ya kutosha, Madamu."

"Mungu njo anajua," akaongeza Ndayambaje, mvulana aliyeketi dirishani, na darasa zima likaangua kicheko.

Mlango ulikuwa karibu, na miguu ya Josiane ilitaka kwenda. Badala yake aliuliza, kwa sauti aliyoisikia mwenyewe kwa shida, jibu hilo maana yake nini. Mukagasana akamweleza kwamba kwao ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa sauti, kwani ni kuwaitia balaa. "Babu yangu akisikia nimehesabu, sitakunywa maziwa mpaka Pasaka."

Hapo Josiane akamkumbuka mjomba wake, mwindaji. Akawasimulia kwamba kwao mwindaji akitoka haulizwi ataleta nini; ukimuuliza, anaweka nyavu chini na kurudi kulala. Ndayambaje akataka kujua kama mjomba alikuwa analala kweli.

"Analala," alisema Josiane. "Na sisi tunakula majani ya sombe tu wiki nzima."

Wakacheka tena, na safari hii hakuutazama mlango. Aliuliza ni nini basi kinachohesabika. Wakamjibu kwa pamoja kwamba jibini, ile wanayoiita fromaji, unaweza kuihesabu mpaka jua lizame. Akafuta ng'ombe, akaandika fromaji. Sasa mikono ikajaa hewani. Ila Mukagasana akatahadharisha kwamba mzigo ukipitia kwa Ndayambaje, moja italiwa njiani, na darasa likagawanyika: je, tumbo la Ndayambaje litolewe kabla ya asilimia au baada yake? Josiane akawaamuru wapige hesabu zote mbili. Kengele ilipolia walikuwa bado wanabishana, naye alikuwa anacheka hata chaki ikamvunjikia mkononi.

Wanafunzi walipotoka, Floribert alikuja mbele akipangusa machozi kwa mkono wa koti. Alimwambia kwamba anakwenda kwa prefe, na kwamba Jumatatu darasa la tatu litamngoja. Josiane alishukuru, akaokota vipande vya chaki, kisha akasema lile alilolibeba tangu siku ya kwanza.

"Prof, kila siku wanakucheka. Haikuumizake?"

Floribert alimpokea vile vipande vya chaki, akavitia mfukoni.

"Zamani ilikuwa inaniumiza, mutoto wangu. Sasa napenda."