Alizeti za Ufaransa

Juzi, kwenye benchi la mochari huko Ikutha, mjane mmoja alinipa simu ya marehemu mumewe nimsomee ujumbe. Mwana wao yuko likizoni, anazunguka vijiji vya Ufaransa kwa gari, polepole.

Alikuwa ametuma picha na maneno: "Baba, ona alizeti! Ndengu zetu zilizaa?"

"Hajaambiwa?" nikauliza.

"Anaendesha gari, mzee. Akisikia ataanguka nalo. Mjibu kama baba yake."

"Mama, hilo siwezi."

Akafuta kioo cha simu kwa ncha ya leso, akanirudishia. "Andika tu."

Ukame haukumwachia mtu ndengu Ikutha, nikaandika: "Nimeziona. Ndengu hazikuzaa."

Jibu likaja papo hapo: "Usijali, Baba. Mvua ikinyesha tutapanda pamoja."

"Amesemaje?" mjane akauliza.

"Anaendesha vizuri."

Shuleni tulichapwa kwa uongo mmoja. Asubuhi hiyo nilidanganya mara mbili.