Chupa Kwenye Mlango wa Gari la Baba

Gundi ya zamani ikipata moto hutoa harufu yake, kitu kati ya ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani na peremende iliyosahaulika mfukoni. Watu wengi hawaijui. Mimi naijua kama ninavyojua harufu ya jiko langu, kwa sababu nina gereji ya kupaka magari rangi hapa Kwa Vonza, na wateja wa siku hizi wanapenda kutolewa nembo kwenye magari yao ili yabaki laini, bila jina. Juzi nilimwagia nembo moja maji ya moto, harufu ikapanda, nikajikuta natabasamu peke yangu. Vijana wangu wa kazi wakaangaliana. Hawajui kwamba harufu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Ile shule nyingine niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema.

Nilikuwa na miaka tisa hivi Baba alipoleta gari nyumbani. Lilikuwa pikapu la buluu, gari la kwanza katika ukoo wetu, na alilipata baada ya kuuza ng'ombe wake karibu wote, jambo ambalo ndugu zake walilisema sana. Lakini lilipopanda ile njia ya mchanga kuja kwetu, hao ndugu ndio waliotoka mbio kulipokea. Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka ua. Mimi nilikimbia nyuma ya gari nikila vumbi, na nasema kweli, vumbi lile lilikuwa tamu.

Kisha gari likasimama, tukaona milango.

Kila mlango ulikuwa na chupa ya bia. Chupa ya plastiki ngumu, ya rangi ya dhahabu, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, povu jeupe likimwagika mdomoni, imebandikwa kwa gundi ikashika kama imeota. Gari lilikuwa la mtu wa kusambaza bia. Na Baba alikuwa mzee wa kanisa, tena la wale waliookoka kabisa, kanisa ambalo hata soda mtu aliinywa akiangalia chini.

"Wakati unanunua hukuona hizi chupa?" Mwaitu akamuuliza.

"Niliangalia injini," Baba akajibu.

Jumamosi iliyofuata dada yangu Mwende alikuwa anaolewa na kijana wa Mbooni, upande wa Makueni. Baba alikuwa amejiapia kwamba atampeleka binti yake kanisani kwa gari lake, akiendesha mwenyewe. Basi Jumatatu jioni akaja mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele. Akalizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Mzee, gari ni zuri," akasema. "Lakini bibi harusi hatashuka kwa chupa mbele ya madhabahu. Itoke, ama aende na lori la mbuzi."

Lori hilo lilikuwa la mjomba wa bwana harusi. Ndilo lililoleta wale mbuzi wa ntheo, ambao bila wao Mkamba hajaoa, na harufu yao ilikuwa bado imo. Mwende alilia mpaka akashindwa kula.

Jumanne akaitwa fundi Musyoka, akaja kwa baiskeli kutoka Kanyangi. Musyoka alikuwa bingwa wa majembe ya kukokotwa na mashine za kusaga, na kwake yeye kila kitu kilichokwama kilihitaji nyundo. "Chai yenu haitachemka kabla sijamaliza," akatuambia. Akaanza na mlango wa dereva. Akaweka patasi chini ya chupa, akagonga mara moja, akagonga mara ya pili, na chupa ikaruka ikaangukia kwenye maboga ya Mwaitu. Ilitoka na rangi. Pale ilipokuwa palibaki kidonda kirefu kama chupa yenyewe, chuma kikiwa uchi.

Musyoka akakohoa. "Chupa imetoka," akasema.

"Na mlango pia," Baba akasema.

Hakumtukana. Alimpa chai, akamshukuru, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi alikaa juu ya kigoda akiangalia mlango wa pili, ule wa abiria, ambao Mwende angeshukia. Hatimaye akasema polepole kwamba lori la mbuzi si baya, likioshwa. Sijawahi kumwona Baba mdogo hivyo.

Jumatano nilitumwa kukata sabuni ya kufulia nguo za harusi. Bibi yetu, mama yake Baba, tuliyemwita Susu, alikuwa amekaa kivulini kwa nyumba akisuka kiondo, anasokota nyuzi za mkonge kwenye paja lake kama kawaida. Nilikuwa nachukua kisu, Susu akanirushia kipande cha uzi.

"Kisu kitaivunja. Kata na huu."

Kila mtoto wa kwetu alijua kukata sabuni kwa uzi. Unauzungusha kwenye mche, unavuta huku na huku, na sabuni inaachana yenyewe, laini, bila kupoteza hata chembe. Nikakata vipande viwili. Nikaangalia sabuni. Nikaangalia gari.

"Susu," nikasema, "na ile chupa je?"

Susu hakucheka. Aliweka kiondo chini, akaenda mpaka kwenye mlango, akapitisha ukucha pembeni mwa chupa, pale plastiki inapokutana na rangi. "Mwambie baba yako."

"Atanichapa."

"Mwambie ni mimi nimekutuma."

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia mikono yangu kwa muda mrefu, mikono ya mtoto mwenye kucha za matope. Kisha akachukua kofia yake, akasema, "Fanyeni," akashuka njia ya mtoni bila kugeuka. Hilo liliniuma. Niliona hajali.

Tulianza. Susu akachovya matambara kwenye sufuria ya maji ya moto na kuyalaza juu ya chupa, akayabadilisha kila yalipopoa, mpaka ile harufu niliyowaambia ikaanza kutoka. Tukapaka uzi sabuni ili uteleze. Mimi nikashika mwisho mmoja, Mwende akashika mwingine, tukauingiza nyuma ya povu la chupa na kuanza kuvuta, yeye anavuta, mimi naachia, mimi navuta, yeye anaachia. Bibi harusi mwenyewe, amefunga leso kiunoni, jasho linamtoka.

"Usivute kwa hasira," Susu alimwambia. "Hujaolewa bado."

Uzi wa kwanza ulikatika. Wa pili pia. Susu akasokota wa tatu, mnene kidogo, mate kiganjani, paja tayari limekuwa jekundu. Gundi ikipoa tulisimama, tukarudisha matambara. Hatukugusa kisu wala ukucha. Ilikaribia saa tisa ndipo uzi ulipotokea chini ya kitako cha chupa, na chupa ikaniangukia mikononi kama embe lililoiva. Gundi iliyobaki tuliipaka mafuta ya kupikia, tukangoja ilainike, nikaisukuma kwa kidole gumba ikajikunja vipande vidogo vidogo. Tukaosha kwa sabuni. Rangi haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Lakini chupa ilikuwa bado pale.

Jua la Kitui lilikuwa limekula ile buluu miaka yote, isipokuwa mahali chupa ilipofunika. Sasa ilionekana chupa nyingine, ya buluu kali, imekamilika na povu lake, inang'aa kuliko ile ya dhahabu. Mwende akakaa chini kabisa, mchangani. Mimi nilitaka kulia.

"Sasa wametuletea bia ya buluu," Susu akasema, na akaanza kucheka mpaka akashikilia gari. Mwaitu akatoka jikoni kuona kuna nini, naye akaangua kicheko, na mwishowe hata Mwende.

Susu alipofuta machozi aliuliza, "Sufuria ikififia mnaisugua na nini?"

Jivu. Lakini si jivu hivihivi. Alilichuja kwa leso mara mbili, akalikoroga na mafuta mpaka likawa kama uji, kisha akajipaka kwenye shavu lake na kusugua. Likikwaruza shavu, halifai gari. Alilichuja tena. Halafu tukasugua mlango kwa kitambaa laini, kwa kuzunguka, polepole, na kitambaa kikaanza kugeuka buluu. Ile rangi iliyokufa juu ikatoka, na chini yake kulikuwa na rangi hai. Buluu ya mlango ikapanda ikaifikia buluu ya chupa, na kabla jua halijashuka sikuweza tena kuonyesha povu lilianzia wapi.

Baba aliporudi alipitisha kiganja mlangoni, juu mpaka chini. "Ehe," akasema. Akauliza kama chakula kiko tayari.

Shida mpya ilikuwa kwamba mlango mmoja uling'aa na gari lililobaki likaonekana maskini. Kwa hiyo Ijumaa, akina mama wa kanisa walipokuja kupika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwa ajili ya harusi, Susu alimgawia kila mmoja kitambaa. Wakasugua wakiimba. Yule mwenyekiti alichukua boneti peke yake.

"Hiyo chupa ilikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Alitafuta kwa macho, akatafuta kwa vidole. "Wacha ikae hukohuko ilikoenda," akasema, akarudi kwenye boneti yake.

Jumamosi Mwende alishuka mlangoni mwa kanisa kutoka gari la buluu ambalo ungeweza kujitazama ndani yake. Watu wa Mbooni waliuliza kama ni jipya. Kidonda cha mlango wa dereva Baba alikataa kifunikwe na maua, akasema huo ni upande wake na ataushukia hivyohivyo. Akaushukia kama gavana.

Mwaka wa kwanza wa gereji yangu nilimpa kijana mmoja kazi ya kutoa nembo kwenye gari la mteja mkali sana. Nilisimama nyuma yake nikimwangalia. Kila alipovuta uzi mara moja aligeuka kuniangalia kwanza, na nikaona macho yangu ndiyo yanayomkwamisha. Nikamwambia nakwenda kunywa chai. Sikwenda. Nilisimama nyuma ya ukuta wa mabati, na nikakaa huko mpaka aliponiita.

Wiki hiyo nilimtembelea Baba, tayari mzee sana, nikamuuliza siku ile alikwenda mtoni kufanya nini.

"Hakukuwa na maji," akasema. "Nilikaa tu kwa mchanga."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimenuna kwamba hakuiona kazi yangu ilivyokwenda vizuri. Kumbe alikuwa ameondoka ili, kama ingeharibika, asiwe ameona uzi ulikuwa mkononi mwa nani.