Mbili za Tymoteusz

Mwaka ule wa 1921, Poland ilikuwa imejikusanya tena kutoka mikononi mwa wafalme watatu walioigawana, na karakana ya Bonifacy Skowera katika kambi ya jeshi la wapandafarasi ilifanana na soko la mitumba ya matandiko ya farasi. La Kiaustria sakafuni, la Kirusi mezani, la Kijerumani linaning'inia dirishani, na hakuna hata moja lililokaa sawa mgongoni.

Kapteni wa kambi alichoshwa na farasi wenye vidonda. "Tengenezeni kulbaka, tandiko letu wenyewe. Ijumaa nitaipanda kutwa nzima. Farasi akirudi amechubuka, karakana naifunga, tandiko tutaagiza nje."

Bonifacy, aliyewashonea Waaustria miaka sita, akachonga mbao za ndani ya tandiko kwa mtindo wa Vienna. Mwenzake Tymoteusz, Tymek kwa kifupi, aliyelitumikia jeshi la Urusi, akashona mto wa kukalia kama wa Wakosaki, wapandafarasi wa huko. Bizimu za mikanda zikawa za Kijerumani, maana kapteni alikulia katika jeshi lao na hakuamini nyingine.

"Mkanda wa tumbo urudishe nyuma mbili," Bonifacy alimwambia Tymoteusz Alhamisi, mdomo umejaa misumari.

Ijumaa kapteni akatoka langoni juu ya tandiko jipya. Bonifacy akatupa jicho kwenye ule mkanda, akamgeukia mwenzake.

"Weye Tymek! Si nilisema mbili?"

"Na mbili si hizo?" Tymoteusz akachomoa rula yake ya Kirusi, isiyojua sentimita.

"Mbili za sentimita, kichwa maji! Hizo zako zinafika tisa!"

"Ungesema basi. Miaka kumi napimia hii, hakuna farasi aliyelalamika."

"Angelalamika kwa nani, kwa mfalme?"

Mchana Bonifacy akaisukuma kando bakuli yake ya supu ya kabichi. Tymoteusz akanywa bakuli zote mbili. "Tukifukuzwa, angalau mmoja wetu ameshiba."

Jioni kapteni akarudi, akavua tandiko. Akapitisha kiganja mgongoni mwa farasi, kisha kwapani, pale mikanda yote ilipozoea kuchubua. Laini kabisa.

"Nani aliyewaza kuurudisha mkanda mpaka huku?"

Mafundi wakatazamana. "Tulikosea, bwana kapteni," Bonifacy akasema. "Nilisema mbili, Tymoteusz akapima mbili zake."

"Na tandiko lenyewe niliandike la nani? Warusi? Waaustria?"

"Mbao za Vienna, mto wa Wakosaki, bizimu zako za Berlin, hata jina kulbaka babu zetu waliliokota kwa Watatari. Lakini kosa, bwana kapteni, ni letu wenyewe."

Kapteni akacheka mpaka farasi akasimamisha masikio.

Kesho yake agizo likaja: matandiko arobaini, mkanda nyuma mbili.

"Mbili za nani?" Tymoteusz akauliza.

Bonifacy akampokonya ile rula, akaipigilia misumari ukutani, iwe kipimo cha karakana nzima.