Kilima Kilichogeuka

Mama mdogo wangu ni seremala. Kila mtu anamwita Fundi, hata mumewe. Anatengeneza milango, vitanda, na makabati ya watu wasioridhika na chochote. Majuzi akaanza kuchonga picha: anachimba ubao kwa patasi ndogo, anaupaka wino mweusi, analaza karatasi juu, anaisugua kwa mgongo wa kijiko. Palipochimbwa panabaki peupe. Basi. Rangi nyingine hakuna.

Picha yake kubwa ya kwanza ilikuwa kilima chetu na mto ubavuni. Mvua kaikwangua kwa mistari myembamba, ukiiangalia unatamani kukunja suruali. Aliitaka iende kwenye maonyesho ya mafundi, na alishaapa: hii ikimshinda, patasi ndogo anazigawa, anabaki na vitanda.

Tukaibandua karatasi mbele ya watu, pale karakanani. Yule mpaka rangi wetu, anayejiita Profesa, akaangua kicheko.

"Fundi, mto umehama! Siku hizi uko kushoto?"

Kweli bwana. Alichonga kama anavyoona, akasahau kwamba karatasi inageuza kulia kuwa kushoto.

"Cheka tena nikumwagie hilo kopo lako la rangi," nikamwambia.

"Mwache, mwanangu." Mama mdogo alishaanza kuivuta aichane. "Nimeharibu mwenyewe."

Ndipo msusi wa saluni ya jirani akaingia kuazima nyundo. Akamdaka mkono.

"Shoga, subiri! Hiki kilima changu."

"Chako tangu lini?"

"Si kiko mbele ya mlango wangu? Mimi nikisuka naangalia kioo, mlango uko mgongoni. Kutwa nakiona humo, hivihivi, mto kushoto. Nikitoka nje ndiyo nakiona kigeni!" Akasogeza uso. "He, na mvua yenyewe! Hii ni ile inayokuja watu hawajaanua nguo."

Mama mdogo akainama kuiangalia kama kazi ya mtu mwingine. Profesa naye akasogea, kicheko kimemwisha, kanyoosha kidole kwenye mvua.

"Usiguse, we! Wino mbichi!" mama mdogo akamfokea. Kisha akanigeukia. "Ikikauka, ipeleke kwenye maonyesho. Wakiuliza, waambie ndivyo kinavyoonekana kutoka saluni."

Nilipokuwa natafuta pa kuianika, nikamsikia anamuuliza msusi, "Na jioni je, humo kiooni jua linazamia wapi?" Alishashika ubao mwingine.