Fundo la Mama

Kitenge hiki bado kinanuka moshi wa samaki. Mama alipougua, nyumbani kwetu Nchelenge, alikuwa akikifunga fundo kwenye pembe yake moja mbele yetu sote.

“Muangalie muzuri, batoto. Maumivu yangu iko humu. Mupulize!”

Tulipuliza, naye akavuta, fundo likapotea. Hata baba, aliyekuwa amesahau kucheka, alicheka.

Siku moja mama alifunga fundo, kisha akasema, “Mungojee kwanza, nipumuzike kidogo.”

Tulingoja, mashavu yamejaa pumzi, mpaka baba akatutoa nje.

Siku hizi nyumbani niko peke yangu. Namna ya kulifungua fundo lile ninaijua. Ni kuvuta ncha moja tu. Nimekikunja kitenge polepole, nimekirudisha sandukuni na fundo lake.